Moduli Zangu Kwenye Kabati la Mwenye Nyumba

Binti mmoja wa Kayole anayejifunza kuandika programu aliniuliza juzi, akiniita bibi kwa lugha ya vijana, "Shosh, hizi moduli ninazoandika mwenyewe, ambazo nataka kuzitumia tena na tena, niziweke wapi?" Mwalimu wake alikuwa amemwambia popote tu, mradi programu izione. Nikacheka, kisha nikamwambia avute kiti. Hilo jibu la "popote tu" nililifuata mimi kwa miaka mingi, na siku moja nusura liwaumize watoto wa mtaa mzima. Nimeona niwaandikie nyote mnaoanza, polepole, maana mna bahati: kosa hili limeshafanywa, na hamna haja ya kulirudia.

Mimi ni Rukia, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Nimestaafu baada ya kuandikia programu kliniki tatu za watoto zilizokuwa chini ya shirika moja dogo: moja Pumwani, moja Shauri Moyo, moja Eastleigh. Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unaiambia programu mtoto alizaliwa lini, nayo inakuambia arudi lini kupimwa uzito na lini kuchanjwa. Lakini kila programu niliyoandika, iwe ya kuchapisha kadi, ya kupanga foleni au ya kutafuta waliopitwa, ilihitaji hesabu zile zile za tarehe. Kwa hiyo hesabu hizo niliziandika mara moja, nikaziweka kwenye moduli niliyoiita "siku".

Kama neno moduli linakusumbua, nenda soko la Gikomba umtazame fundi wa nguo. Hapimi kola upya kila anaposhona shati. Anayo karatasi ya kola iliyokatwa vizuri, imening'inia kwenye msumari. Anaishusha, anakata kitambaa kwa kuifuata, anairudisha. Moduli ni karatasi hiyo. Swali la binti wa Kayole ni swali la msumari: uupigilie wapi?

Mwanzoni mimi sikuwa na msumari. Nilikuwa na flashi shingoni, kwenye kamba, kama kitambulisho. Kila kliniki ilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa na nakala yake ya "siku" ndani ya folda ya programu. Nikirekebisha kitu nilitembea kwa miguu kutoka kliniki moja hadi nyingine nikinakili. Mama Wafula, mkuu wangu wa kazi, mwanamke wa Bungoma aliyeishi Kaloleni na kujua programu kuliko sisi sote, alikuwa akinitazama nikivaa viatu na kusema, "Rukia, wewe umeajiriwa kuandika au kupeleka barua?"

Sikuelewa alichomaanisha mpaka Idd moja. Mnajua Idd hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo tarehe yake nilikuwa naiweka kwenye moduli kwa mkono. Mwaka huo niliirekebisha Pumwani, nikairekebisha Shauri Moyo, mvua ikaninyeshea, nikarudi nyumbani. Eastleigh nikaisahau. Kadi za Eastleigh zikawaambia akina mama walete watoto siku ya Idd yenyewe.

Kesho yake Sista Halima, muuguzi mkuu wa kliniki zote tatu, aliyezoea kuniita kwa jina la mwanangu, alinipokea mlangoni. "Mama Salim, kompyuta yako haikutazama mwezi?"

"Walikuja wangapi?" nikauliza.

"Mmoja. Amevaa nguo mpya, mtoto amepakwa wanja. Anasema kadi imemwambia aje, akaogopa kubishana na mashine."

Hilo ndilo somo la kwanza. Nakala tatu za moduli moja ni moduli tatu tofauti. Zinasubiri tu siku ya kukuonyesha. Usinakili moduli yako ndani ya kila programu. Iwe mahali pamoja, na programu zote ziifuate pale.

Basi nikaamua iwe mahali pamoja. Shirika lilinunua seva, zile kompyuta za zamani za kliniki zikakusanywa na kufutwa, na programu zote zikahamia ofisini kwetu Pumwani. Nikatafuta mahali pamoja palipo rahisi kuliko pote. Hapa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wenu mtakapoteleza.

Lugha ya programu ikikutana na jina la moduli, huanza kuitafuta. Hutazama kwanza karibu, kwenye folda ya programu yenyewe. Ikikosa, hutazama njia ulizoielekeza, kama zipo. Na mwishoni hutazama kwenye maktaba yake yenyewe, ile folda iliyokuja nayo siku uliposakinisha lugha. Mimi nikaona, aa, mbona rahisi? Nikaziweka moduli zangu zote ndani ya hiyo maktaba ya lugha. Sikuhitaji kuelekeza njia yoyote. Programu zote zikaziona papo hapo. Miaka miwili nilijisifu.

Wengi wetu tumekulia nyumba za kupanga, kwa hiyo nitawapa mfano wa kwetu. Umepanga chumba, umekuta kabati la mwenye nyumba limejengwa ukutani. Unaweka sufuria zako humo, unaweka vikombe, unasahau kabisa kwamba kabati si lako. Kisha siku moja mwenye nyumba anatuma mafundi wang'oe makabati yote waweke mapya. Fundi hana ubaya na wewe. Ametumwa kabati.

Fundi wetu aliitwa Kevo, kijana wa Dandora mwenye heshima na haraka nyingi, aliyetunza mitambo. Jumamosi moja aliondoa lugha ya zamani kwenye seva, kwa sababu ilikuwa na mianya ya usalama, akaweka mpya. Alifanya vizuri kabisa kazi aliyoambiwa.

Siku moja kabla, Ijumaa, ilikuwa imethibitishwa kwamba kuna surua mtaani. Mtoto wa kwanza alikuwa wa karibu na kliniki ya Shauri Moyo, wa pili alikuwa jirani yake. Sista Halima alipanga kwamba Jumatatu saa nne asubuhi wahudumu wa afya ya jamii wakutane Pumwani, kila mmoja apewe orodha ya watoto waliopitwa na chanjo ya surua, ile ya miezi tisa au ile ya miezi kumi na minane, na aende kugonga mlango kwa mlango. Orodha hizo zilikuwa zitoke kwenye programu yangu. Programu yangu ilitegemea "siku".

Jumatatu saa mbili nilibonyeza. Programu ikajibu kwamba haijui kitu kinachoitwa "siku".

Nikabonyeza tena. Nyinyi pia mtabonyeza tena. Sote huwa tunadhani mashine imekosea kusikia. Kisha nikafungua folda ya maktaba na kukuta inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki.

"Kevo," nikamwita, "ile folda ya zamani ya lugha iko wapi?"

"Mathe, hiyo niliosha yote. Si ilikuwa ya kitambo? Sahi iko fiti, mpya kabisa."

"Na vitu vilivyokuwa ndani?"

"Vitu gani? Si ni vile vya lugha tu? Hivyo vimekuja tena na hii mpya." Kisha akaniona uso. "Mathe. Kulikuwa na vitu vyako?"

Tulikuwa na nakala za akiba, msidhani tulikuwa wajinga. Kila Ijumaa taarifa za watoto zilinakiliwa kwenye diski nyingine. Folda za programu pia. Lakini hakuna mtu anayeweka akiba ya maktaba ya lugha, kwa sababu unaweza kuipakua tena wakati wowote. Ndiyo maana ile nafasi ni mbaya mara mbili: wanaofuta hawajui kwamba umo, na wanaohifadhi nao hawajui kwamba umo. Flashi yangu nilikuwa nimeshampa mwanangu Salim, akaijaza masomo yake.

Sista Halima aliingia. Nikamweleza bila kuzunguka. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. Akauliza, "Tukipekua kadi kwa mkono?"

"Siku tatu. Labda nne."

"Surua haingoji siku tatu," akasema. Akavua saa, akaweka kiti mbele ya kabati la kadi za Pumwani, akatoa droo ya kwanza na kuanza kwa mkono hivyo hivyo.

Hapo nikakumbuka kalamu nyekundu. Mama Wafula hakuwahi kusoma msimbo wa mtu kwenye kioo. Alikuwa anauchapisha, anakaa nao nyumbani kama mwalimu na madaftari, anarudi na alama nyekundu. Alikuwa ameshastaafu wakati huo. Nikampigia simu.

"Mama Wafula, zile karatasi za moduli ya siku ulizosahihisha, bado unazo?"

"Habari za asubuhi, Rukia. Mimi sijambo, ahsante kwa kuniuliza."

"Samahani, mama. Hujambo?"

"Sijambo sana. Karatasi gani?"

Nikamweleza. Akasema, "Ngoja." Nikasikia vikombe vikigongana, kimoja kikaanguka, akakemea mtu ambaye hayupo. "Ziko. Nilizitandika kwenye rafu ya vyombo. Karatasi nzuri, nzito, za ofisi."

"Zote tano?"

"Tatu ni safi. Ya nne ilikaa chini ya chupa ya mafuta, lakini nikiinua dirishani naona. Ya tano..." Akavuta pumzi. "Ya tano nadhani iliwashia jiko."

Nikamuuliza mwisho wa karatasi ya nne unasemaje. Akanisomea, nikashukuru Mungu. Karatasi ya tano ilikuwa ile sehemu ya kusogeza tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu. Siku hiyo hatukuwa tunagawa tarehe. Tulikuwa tunatafuta waliopitwa. Na kwa kuwa kila hesabu niliiandika kama kipande chake, peke yake, kipande kilichoungua hakikuangusha vingine. Andikeni vipande vidogo. Hamjui ni karatasi ipi itawasha jiko.

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti. Yeye anasoma, mimi nachapa.

"Mstari unaofuata. Fungua mabano. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto anayehudhuria kliniki... Rukia, hili jina mbona refu kama treni? Nilikuambia nini kuhusu majina marefu?"

"Uliniambia, mama."

"Nilikuandikia kwa wekundu. Liko hapa. 'Fupisha.' Hukufupisha. Sasa nalisoma mara ngapi? Mara sita. Adhabu yangu au yako?"

"Yetu sote."

"Funga mabano. Nimemeza chai, tuendelee."

Kwenye karatasi ya nne tukakwama. Mafuta yalikuwa yamekula namba. Aliona mia mbili na kitu, na juu yake maneno yake mwenyewe mekundu: hesabu miezi, si siku. Nikakumbuka. Mwanzoni nilihesabu miezi tisa kama siku mia mbili na sabini, naye akanirudisha, kwa sababu miezi haina urefu mmoja. Marekebisho hayo niliyafanya kwenye mashine tu, karatasi haikuyajua. Kwa hiyo niliyaandika upya pale pale.

Sasa, kabla ya kuchapisha orodha, nilisimama. Wahudumu walikuwa wameshaanza kufika. Niliwasikia uani wakitaniana. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Kila kitu ndani yangu kilisema chapisha. Lakini orodha isiyo sahihi ni mbaya kuliko kukosa orodha, kwa sababu watu huiamini. Nikamwomba Sista Halima kadi kumi kutoka droo aliyokuwa nayo, ambazo yeye mwenyewe angehesabu kwa kalenda ya ukutani. Kadi tisa zikakubaliana na mashine. Ya kumi ikaiangusha programu yote chini.

"Amezaliwa lini huyo?" akauliza Mama Wafula kwenye simu.

"Tarehe thelathini na moja Mei."

"Ongeza miezi tisa."

"Thelathini na moja Februari."

"Umewahi kuiona siku hiyo?"

Sista Halima akacheka, mara yake ya kwanza asubuhi ile. Mama Wafula akasema, kwa sauti ile ya kazi, "Siku ikikosekana kwenye mwezi, chukua ya mwisho iliyopo. Mistari miwili. Usiharakishe." Nikaandika mistari miwili. Kadi ya kumi ikapita. Tukajaribu nyingine kumi, zikapita. Saa nne na dakika ishirini printa ilianza kulia, na Kevo, ambaye hakuwa amekaa tangu saa mbili, akawa anazichukua karatasi zikiwa bado moto na kuwakimbizia wahudumu uani.

Walipoondoka, sikuwa na la kufanya ila kungoja. Mkono unaongoja ni bora ushike kazi, kwa hiyo mchana ule ule nikaipigilia "siku" msumari wake, Kevo akiwa kando yangu. Nitawaambia nilichofanya, nanyi mfanye kabla hamjalazimika.

Nilitengeneza folda yangu mwenyewe, nje kabisa ya nyumba ya lugha, mahali ambapo mtu akiondoa lugha haigusi. Nikaiita kwa jina ambalo hata mgeni angejua ni ya nani na ni ya nini. Kisha nikaielekeza lugha njia, yaani nikaiambia mara moja kwenye mipangilio ya mashine: ukitafuta moduli, pitia na hapa. Hilo ndilo nililokuwa nikilikwepa kwa uvivu kwa miaka miwili, na lilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Halafu tukaweka ndani ya folda hiyo programu ya kutunza historia, ile inayokumbuka kila badiliko, nani alilifanya na kwa nini, ili siku nyingine nisihitaji kalamu nyekundu ya mtu kunikumbusha niliwaza nini. Nakala ya folda yote ikaenda kwenye mashine ya jengo jingine. Kevo akaongeza folda hiyo kwenye akiba ya Ijumaa bila kuambiwa.

"Mathe," akaniuliza, "na mtu akija baada yetu, atajuaje?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Tukaandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaosema moduli ziko wapi, zinaelekezwaje, na zinajaribiwaje. Zile kadi ishirini tulizozihesabu kwa mkono tukaziingiza kama majaribio, ile ya Februari thelathini na moja ikiwa ya kwanza. Mtu akibadilisha kitu, mashine huzipitia zote kabla ya kumruhusu.

Jambo dogo la majina, nisilisahau. Zamani niliwahi kuipa moduli jina la Kiingereza, lile lile ambalo lugha ilikuwa imelipa moduli yake ya kalenda. Kila programu ikaanza kuchukua yangu badala ya ile ya lugha, na vitu visivyohusiana vikaharibika kwa wiki nzima. Tangu hapo naziita kwa Kiswahili. Walioandika lugha zile hawakuwa na mpango wa kutumia neno "chanjo" wala "foleni", kwa hiyo hatugombani.

Saa kumi jioni wahudumu walianza kurudi, miguu imejaa vumbi. Sista Halima alikaa mezani akiweka alama orodha moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama nyuma yake nikajifanya napanga karatasi. Hakuna orodha iliyopeleka mtu kwa mtoto aliyekwisha kuchanjwa. Milango miwili tu ndiyo iliyokutwa imefungwa. Familia zilikuwa zimehamia Kayole, na zilikuwa zimeshapigiwa simu.

"Na wengine?" nikauliza.

"Wanakuja kesho. Wengine wameshakuja leo, hujasikia?"

Sikuwa nimesikia. Nikampigia Mama Wafula kumwambia. Akasema, "Haya, vizuri," kwa namna yake, lakini alikuwa ameipokea simu kabla haijalia mara ya pili, na nikajua kwamba yeye pia alikuwa amekaa na simu mkononi tangu asubuhi.

Kesho yake nilifika kliniki ya Pumwani mapema. Foleni ilikuwa imepita lango na kukunja kona. Sista Halima alinilaumu kwamba nimemletea watu wengi kuliko viti, na kwamba sindano zikiisha atanituma mimi kwa miguu, kama enzi zangu za flashi. Nikamwambia anitume popote. Mlango wa chumba cha chanjo ukafunguka na mama mmoja akatoka amembeba mwanawe aliyekuwa akilia kwa hasira kubwa, mdomo wazi, machozi mpaka shingoni, anamnyooshea muuguzi kidole kana kwamba anamshtaki kwa mtaa mzima. Nikasogea pembeni wapite, nikasimama pale ukutani, nikasikiliza kilio kile mpaka walipofika langoni. Kisha mlango ukafunguka tena, na wa pili naye akaanza kulia.